Kwenye Diski ya Kwanza

Mwezi uliopita tulimzika Mama Safari kule Nakwa, nyuma ya nyumba yake. Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai tukapewa wali na maharage, na Bwana Shabani, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, akaja kukaa kando yangu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Alinitazama, akatazama sahani yangu, kisha akawaambia watu waliotuzunguka kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaitia wapima ardhi wake kutoka ng'ambo ya shamba: "Mnamwona huyu? Huyu aliwahi kuifuta Nakwa nzima kwa kidole kimoja." Watu wakacheka, nami nikacheka pia, kwa sababu si vizuri kubishana msibani. Lakini mimi ni mtu wa kupenda usahihi, na njiani kurudi nyumbani nilijikuta naisahihisha habari ile kichwani. Nilitumia vidole viwili. Na Nakwa haikufutika kabisa. Ilipoteza mipaka kwa muda wa kama dakika arobaini, na walioijua habari hiyo siku ile tulikuwa wawili tu, mimi na marehemu.

Sitaandika hapa habari za ukoo wangu wala jinsi nilivyoacha shule. Inatosha kusema kwamba mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, sikuwa na cheti chochote cha kompyuta, na yote niliyoyajua nilikuwa nimeyanakili kwa mkono kwenye daftari kubwa la mistari, kutoka katika vitabu vya kuazima. Mkoa wa Manyara nao ulikuwa mgeni kwa jina lake. Barua zilikuwa bado zinafika zikiwa na anwani ya Arusha, na sisi wa Babati, tuliozoea kupanda basi kufuata kila muhuri, tulianza kuona magari ya serikali yakisimama sokoni kuulizia njia. Kila mtu alitaka kiwanja kilichopimwa. Shamba ambalo jana lilikuwa la mahindi na mbaazi, leo lilikuwa limepigwa mambo, vile vigingi vya mbao vyenye rangi nyekundu. Bwana Shabani alikuwa mpima ardhi mwenye ofisi yake binafsi, na kwa miezi sita watu wake walikuwa wanapima Nakwa, wakiingiza sehemu ya Mutuka. Mimi aliniajiri kuchora ramani. Baadaye, alipoona naelewa lugha ya mashine kuliko watu wengine pale, alinikabidhi seva, kompyuta kuu iliyotunza kazi zote za ofisi.

Ofisi ilikuwa duka la zamani kwenye barabara ya kwenda Kondoa, lenye mlango wa chuma na kaunta ndefu ya mninga ambayo mwenye nyumba alikataa iondolewe. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja na cha Mama Safari. Chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa stoo ya unga, kilikuwa changu na cha seva. Unga haukuwahi kuisha kabisa katika nyufa za sakafu ile. Kila Jumatatu nilifuta mashine kwa kitambaa kikavu, na kila Jumatatu kitambaa kilitoka cheupe. Saa saba tulikula pamoja kwenye kaunta. Mama Safari alileta makande katika chombo cha plastiki kilichofungwa kwa khanga, na siku za perege kutoka ziwani tuliagiza ugali kwa jirani. Yeye alikuwa Mwiraqw wa Mbulu, mjane, Mkatoliki asiyekosa misa, na ndiye aliyeshika rejista ya viwanja, kwenye kompyuta ya kaunta iliyosoma kutoka kwenye seva. Alijua kila kiwanja kwa namba na kwa hasira ya mwenyewe. Nikiwa chumba cha nyuma nilimsikia siku nzima akizungumza na watu waliokuja kuhakikisha kwamba ardhi yao haijahama usiku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Elia. Umerudi tena?"

"Nimepita tu. Kiwanja changu kimo humo ndani?"

"Kimo."

"Hakijabanwa na yule wa upande wa mfereji?"

"Hakijabanwa. Kimelala vizuri kuliko wewe. Nenda ukalale na wewe."

Mama Safari naye alikuwa na kiwanja Nakwa, na hakikuwa kinalala vizuri. Shemeji yake alikuwa amekwisha kung'oa mambo za upande wa mashariki mara mbili, akisema marehemu kaka yake hakumwachia mwanamke ardhi hadi pale. Vipimo vya kweli vilikuwa vimechukuliwa mbele ya mashahidi, vikaandikwa kwenye kitabu cha uwandani, vikaingizwa kwenye seva. Kisha mvua zilipopita mchwa walipanda ukuta wa stoo ndogo wakala vitabu vya uwandani, karibu vyote vya Nakwa. Kwa hiyo vipimo vya watu wote wa Nakwa, na ule mstari wa mashariki wa Mama Safari, vilikuwa mahali pamoja tu duniani, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, mita tatu kutoka kwenye kiti chake. Ijumaa ya wiki ninayoisimulia, Bwana Shabani alitakiwa kukabidhi serikalini ramani na rejista kamili.

Seva ile ilikuwa mtumba kutoka Arusha, imesukwa na fundi aliyeitwa Hamadi, kijana mwenye maneno mengi na mikono ya uhakika. Ilitumia mfumo wa Linux, na ilikuwa na diski mbili zilizokaa katika droo mbili za chuma, moja juu ya nyingine, ambazo mtu anaweza kuzivuta na kuzirudisha bila kuizima mashine. Kila kilichoandikwa kwenye diski moja kiliandikwa na kwenye ya pili. Hamadi aliuita mpango huo kioo. Moja ikifa, nyingine inaendelea kubeba kazi, na watu wa kaunta hawatambui kitu. Nilikipenda kioo kile mpaka nikafanya kosa la kukifikiria kama nakala ya akiba. Kioo si akiba. Ukikunja uso mbele ya kioo, nacho kinakunja.

Jumanne ya wiki ile, asubuhi, taa ya droo ya juu ikawa nyekundu. Diski moja ilikuwa imekufa. Nilimpigia Hamadi, akasema anaweza kuja Jumatatu. Bwana Shabani alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia yake mkononi. "Jumatatu ni baada ya Ijumaa," alisema, kama anayesoma kalenda. Kisha akaniuliza mimi: "Wewe unaweza?" Nilisema naweza. Hamadi alisikia kwenye simu, akasema, "Bosi, huyo dogo ni mzuri, lakini hajawahi." Bwana Shabani akajibu, "Hata wewe kuna siku ulikuwa hujawahi." Diski ililetwa kesho yake na basi la mchana, imefungwa kwa gazeti na sponji, na siku hiyohiyo Hamadi akanitumia maelekezo kwa ujumbe wa simu, kwa sababu alikuwa safarini kuelekea Singida vijijini ambako simu haishiki.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ufundi, na nitalieleza kwa lugha ya ofisi yetu. Diski haitumiki ikiwa nzima. Kwanza inagawanywa mafungu, kama shamba linavyokatwa viwanja, na mwanzoni kabisa mwa diski panaandikwa jedwali dogo: fungu la kwanza linaanzia namba hii na lina urefu huu, la pili hivi, la tatu hivi. Diski mpya inayoingia kwenye kioo lazima igawanywe sawasawa na ile iliyobaki. Njia rahisi ni kulinakili lile jedwali lote kwa amri moja. Ukilifuta jedwali hujafuta kilichomo ndani ya mafungu, umefuta mipaka yake tu. Data zimekaa palepale zilipokuwa, na hakuna anayejua zinaanzia wapi. Mtu aliyefanya kazi katika ofisi ya upimaji hahitaji kuelezwa mara mbili ubaya wa jambo hilo.

Ujumbe wa Hamadi ulisema: *Ukishaweka mpya nakili mgawanyo kwenye diski a, halafu iunge kwenye kioo.* Mashine huziita diski zake kwa herufi, ya kwanza a, ya pili b. Mimi niliona droo ya juu ndiyo iliyokufa, nikaweka diski mpya juu, nikajiambia ya juu ndiyo ya kwanza, ndiyo a. Kumbe seva ile ilihesabu kuanzia chini. Kosa hilo peke yake lisingefika mbali kama neno lingekuwa jingine. Lakini Hamadi aliandika *kwenye*. Yeye alimaanisha uchukue mgawanyo uliopo kwenye a, yaani diski nzima iliyobaki. Mimi nikasoma uuweke kwenye a, yaani ile mpya. Kiswahili kinakuruhusu kusoma hivyo na kinamruhusu yeye kuandika vile, na wote wawili mkalala usingizi mzuri. Tunasema maji yapo kwenye ndoo, mimina kwenye ndoo, chota kwenye ndoo, na ndoo ikiwa mbele yetu hakuna anayekosea. Kwenye mashine hakuna ndoo ya kuangalia.

Niliandika amri. Mashine ikakataa. Ilisema kwa Kiingereza chake kikavu kwamba diski a inatumika, na kwamba kuiandika upya hakushauriwi. Nilikaa nikatafakari kwa muda ambao leo naona ulikuwa mfupi mno. Nikajiambia: bila shaka inatumika, mashine imewashwa, hiyo ndiyo maana ya kufanya kazi bila kuizima. Kulikuwa na njia ya kulazimisha. Niliiongeza kwenye amri, nikabonyeza.

Ilikuwa kama saa tisa na nusu alasiri. Niliziorodhesha diski zote mbili nikitarajia kuona mafungu matatu huku na matatu huku. Nikaona fungu moja kubwa huku na fungu moja kubwa huku. Diski mpya ilikuwa imetoka dukani ikiwa na fungu moja, na mimi nilikuwa nimechukua mgawanyo huo wa dukani nikauandika juu ya diski yenye Nakwa.

Mama Safari alisikia kiti kikisogea. Alikuja hadi mlangoni na kalamu sikioni.

"Mbona umesimama?"

"Mama, nimefuta mipaka."

"Ya nani?"

"Ya wote."

Alitazama mbele, kwenye kaunta, ambapo rejista ilikuwa inaonyesha kiwanja fulani kwenye skrini yake. "Lakini mimi nafungua, inafunguka," alisema. "Nimetoka kumwangalia Baba Elia sasa hivi. Yupo."

Maneno yake hayo ndiyo yaliyoniokoa, kwa sababu yalinifanya niulize swali sahihi. Inafungukaje? Nilikwenda kwenye daftari langu, nikapekua hadi ukurasa nilioukumbuka kwa doa la chai. Mfumo husoma jedwali la mafungu mara moja tu, wakati mashine inawaka, kisha hulishika kichwani na kulitumia hadi utakapozimwa. Kwenye diski mipaka ilikuwa imefutika. Kichwani mwa mashine ilikuwa bado ipo yote, kama ilivyokuwa asubuhi. Seva ile ilikuwa inafanya kazi kwa kumbukumbu tu, na ingekumbuka hadi umeme ukatike.

"Kwa hiyo usiizime," Mama Safari alisema nilipomweleza.

"Siizimi. Lakini ikizimika yenyewe?"

Sote wawili tulitazama dirishani. Kwa upande wa mlima Kwaraa mawingu yalikuwa yamekaa tangu mchana, na Babati ya wakati ule upepo ukivuma tu, umeme ulikuwa unaondoka kama mtu aliyeitwa. Tulikuwa na UPS, kisanduku cha betri chini ya meza, chenye uwezo wa kuishikilia seva kwa dakika saba. Nilifikiria kuyahamisha mafaili kwanza. Kompyuta pekee yenye nafasi ya kutosha ilikuwa ile ya mkononi ya Bwana Shabani, na alikuwa nayo uwandani. Simu yake iliita bila kupokewa. Ya Hamadi haikupatikana. Kulikuwa na njia moja: kuiuliza mashine mipaka inayoikumbuka, na kuirudisha kwenye diski kwa mkono. Mafungu matatu, kila moja mwanzo na urefu. Namba sita, nyingine zenye tarakimu tisa. Ukikosea tarakimu moja, fungu linaanzia katikati ya kiwanja cha jirani.

Katika ofisi ile namba hazikunakiliwa kimyakimya. Bwana Shabani alikuwa na utaratibu aliouita kusoma na kurudisha. Mmoja anasoma tarakimu mojamoja, mwingine anaandika, kisha aliyeandika anaisoma namba kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na yule wa kwanza anaifuatilia kwa kidole. Akili ikisoma mbele huona inachotarajia. Ikisoma nyuma hulazimika kuona kilichopo. Mimi nilikuwa nauona utaratibu huo kuwa wa watu wasioiamini kompyuta. Mama Safari alivuta kigoda, akavaa miwani, akakaa mbele ya skrini.

"Andika," alisema.

Alisoma kwa sauti ya misa, bila haraka, akitua baada ya kila tarakimu tatu. Nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye kibodi. Namba ya kwanza, nikairudisha. Ya pili, nikairudisha. Katikati ya ya tano taa ya dari ikazima, feni ya chumba cha mbele ikapunguza mwendo hadi ikanyamaza, na chini ya meza UPS ikaanza kulia, mlio mmoja kila baada ya sekunde chache. Mama Safari hakuinua kichwa. Alimaliza ya tano.

"Nirudishie."

"Mama, umeme."

"Nimeusikia. Nirudishie."

Nikairudisha. Akasoma ya sita, urefu wa fungu la tatu, ambalo ndilo lililokuwa na Nakwa. Niliandika nikanyoosha mkono kubonyeza.

"Nirudishie," alisema.

"Tuna dakika nne, Mama."

"Na mimi nina mpaka mmoja. Nirudishie, baba."

Nikaanza kusoma kutoka mwisho. Mbili, sifuri, nane, tano, tisa. Kidole chake kikasimama kwenye kioo cha skrini. "Hapana," alisema. "Tisa, tano. Rudi nyuma." Nilikuwa nimezipindua tarakimu mbili. Nilizirekebisha, nikairudisha yote upya, akaitikia kila tarakimu kwa "ehe," na baada ya "ehe" ya mwisho nikaandika jedwali kwenye diski. Safari hii niliilazimisha mashine nikijua ninachokilazimisha. Nikaorodhesha. Mafungu matatu. Nikaizima seva kwa utaratibu wake, na ilipokwisha kulala mlio wa UPS uliendelea peke yake kwa dakika moja hivi, kisha nao ukakoma.

Hatukuwa tumejua lolote bado. Jedwali lile lingesomwa tu mashine itakapowaka, na umeme haukurudi jioni ile. Nilifunga mlango wa chuma nikamwambia Mama Safari kwamba kesho nitawahi saa kumi na mbili, niiwashe, nihakikishe, ndipo Bwana Shabani afike.

"Usiiwashe," alisema. "Mwambie kabla haijawaka."

"Kwa nini nimtishe bure? Ikiwaka vizuri..."

"Ikiwaka vizuri hutamwambia kamwe. Nakujua. Utaliandika kwenye lile daftari lako kwa herufi ndogo, basi."

Nimekutana na wataalamu wengi tangu mwaka ule, wengine wakiwa na vyeti vilivyojaa ukuta, na nimejifunza kuwapima kwa jambo hilohilo: wanalisema kosa lao lini. Mama Safari, ambaye hakuwahi kugusa kibodi ila kwa kidole cha shahada, alilijua kabla yangu.

Kwa hiyo saa mbili asubuhi umeme ulikuwa umerudi na seva ilikuwa imezimwa. Bwana Shabani aliingia na matope kwenye buti.

"Shikamoo, Bwana Shabani."

"Marahaba. Mbona mashine yako haina taa?"

"Nimeizima mimi. Kabla sijaiwasha nina jambo la kukueleza."

Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia droo ya juu hadi tarakimu mbili zilizopinduka. Sikuacha kitu. Aliomba kuona ujumbe wa Hamadi, akausoma mara mbili akiwa ameishika simu mbali na macho.

"Kwenye," alisema. "Kwenye inakwenda au inarudi?"

"Hapo ndipo nilipokosea."

"Hapana. Hapo Hamadi alikosea na wewe. Ulikosea peke yako pale mashine ilipokukatalia." Alinirudishia simu. "Mama Safari, namba ulizisoma wewe?"

"Nilizisoma."

"Alizirudisha?"

"Alizirudisha. Kwa manung'uniko."

"Washa," alisema.

Niliiwasha. Mashine zile zilichukua muda mrefu kuamka, zikihesabu viungo vyao kimoja kimoja kwenye skrini nyeusi, na sisi watatu tulisimama katika stoo ile ya unga kama watu wanaosubiri daktari atoke. Ilipata fungu la kwanza. Ikapata la pili. Kwenye la tatu ilisimama, ikasema inalikagua, ikalikagua hadi mwisho, na ikaendelea. Mama Safari hakusubiri neno langu. Alikwenda kwenye kaunta, akafungua rejista, akaandika namba ya kiwanja chake. Mstari wa mashariki ulikuwa pale, na vipimo vyake vyote, hadi sentimita. Aliutazama muda mrefu, akakifunga, akafungua cha Baba Elia, kisha kingine, na kingine.

Nilimwuliza Bwana Shabani kama nimwite Hamadi hata kama itabidi tuombe siku chache zaidi. Aliuliza kama diski mpya bado ni nzima. Nilisema ni nzima. Akaiweka kompyuta yake ya mkononi juu ya meza yangu, akasema nianze kwa kuhamishia humo mafaili yote ya Nakwa, ambalo ni jambo nililopaswa kulifanya Jumanne. Nilipomaliza nikaandika amri ya kugawa, kutoka a, kwenda b, nikaisoma kwa sauti, na Mama Safari akaitikia kutoka kaunta bila kugeuka. Mafungu matatu yakatokea kwenye diski mpya. Nikaiunga kwenye kioo, na mashine ikaanza kunakili, ikionyesha asilimia.

"Itachukua muda gani?" Bwana Shabani aliuliza.

"Kama saa tatu."

"Basi mimi naenda. Watu wananisubiri Mutuka na tepu."

"Hutasubiri imalize?"

"Nisubiri ili iweje?" alisema, akavaa kofia. Alimuaga Mama Safari, akaokota chupa yake ya chai, akatoka. Nilisikia pikapu yake ikiwaka na kushika njia ya Mutuka kabla hesabu haijafika asilimia mbili.